Dishi Kubwa si Hoja, Hoja ni Uso Wake

Na Mwanachama wa Kidato cha Nne

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii tumeizoea sana. Tunaiandika katika insha, tunapewa alama zetu, kisha tunaisahau hadi mtihani mwingine. Leo nataka kuitoa darasani na kuipandisha juu ya madishi ya chuma yenye upana wa uwanja wa kandanda. Nitaonyesha jinsi kosa dogo kuliko punje ya mchele linavyoweza kulipofusha jitu lenye uzito wa maelfu ya tani.

Msomaji mpenzi, hoja yangu ni moja. Watu wetu wakizungumza juu ya antena kubwa, zile zinazosikiliza anga za mbali, huuliza swali moja tu: "Lina mita ngapi?" Mimi nasema hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili, ambayo ni nzito zaidi mawimbi yanapokuwa mafupi, ni hii: "Uso wake umekosea kwa milimita ngapi?" Nchi inayojua swali la kwanza peke yake itajivunia chombo kisichoweza kazi inayodaiwa. Na mwanafunzi anayejua swali la kwanza peke yake atapita mtihani, halafu adanganywe maisha yake yote na kila kitu kikubwa kinachong'aa.

Hebu tuanze na msingi. Dishi ni kioo kilichopinda, wala si muujiza. Umbo lake huitwa parabola, na sifa yake kuu ni kwamba mawimbi yote yanayotoka mbali na kulipiga husafiri umbali ule ule mpaka kwenye fokasi, yawe yamegonga katikati ya dishi au ukingoni. Kwa sababu hiyo hufika pamoja, yakajumlishana, na sauti hafifu ya nyota ikawa kubwa kiasi cha kupimika. Basi siri ya dishi ni hiyo: kufika pamoja.

Mfikirie kwaya ya shule. Wimbo ukiwa wa polepole, mwimbaji mmoja akichelewa nukta kidogo hakuna atakayegundua. Lakini wimbo ukiwa wa kasi, uchelewaji ule ule utavuruga kila kitu, na waamuzi watatuacha nje ya fainali. Mawimbi marefu ni wimbo wa polepole. Mawimbi mafupi ni wimbo wa kasi. Bonde dogo au kinundu kwenye uso wa dishi ndicho yule mwimbaji anayechelewa au kutangulia wenzake.

Sasa urefu wa mawimbi yenyewe. Yale ya redio ya FM tunayosikiliza bwenini yana urefu wa mita 3 hivi. Karl Jansky wa Marekani, aliyegundua mwaka wa 1932 kwamba Njia ya Maziwa inatoa mawimbi ya redio, alikuwa akisikiliza mawimbi ya mita 14 na zaidi. Gesi ya hidrojeni angani hutoa wimbi la sentimita 21. Dishi la televisheni lililo juu ya paa la jirani hupokea mawimbi ya sentimita 2 na nusu hivi. Kisha tunashuka hadi milimita 3, milimita 1, hata chini ya milimita 1. Huko ndiko molekuli nyingi za mawingu baridi yanayozaa nyota husikika, na huko ndiko kando ya shimo jeusi huonekana. Lakini huko ndiko pia dishi hafifu hufa.

Mwaka wa 1937, Grote Reber, kijana aliyekuwa na kazi yake ya kawaida ya redio, alijenga dishi la mita 9 na nusu karibu na nyumba yao huko Wheaton, Illinois, kwa mbao na mabati na kwa pesa zake mwenyewe. Hatimaye alifaulu kuipata Njia ya Maziwa kwa wimbi la mita 1.87. Kwa wimbi refu hivyo, bati likibonyea sentimita moja haidhuru. Peleka bati lile lile kwenye wimbi la milimita 3 na ni sawa na kutazama uso wako katika sufuria kuukuu. Utaona mwangaza, lakini hutajijua.

Je, kuna kipimo? Naam, kipo, na kinaitwa kanuni ya Ruze. John Ruze alikuwa mhandisi wa antena huko Marekani aliyeeleza jambo hili kwa hesabu, na maelezo yake ya mwaka wa 1966 yangali yanatumiwa na kila mjenzi wa madishi. Hesabu yenyewe huanzia mahali rahisi. Sehemu ya uso ikiwa imeinuka kwa milimita 1, wimbi linapunguziwa safari mara mbili: milimita 1 likija na milimita 1 likirudi. Kosa la milimita 1 kwenye bati huwa kosa la milimita 2 kwenye wimbi. Linganisha kosa hilo na urefu wa wimbi na utajua ni nguvu kiasi gani inabaki. Ubaya ni kwamba hasara haiongezeki polepole. Mwanzoni haionekani, halafu ghafla inaporomoka kama mtu aliyekanyaga ukingo wa genge.

Tuchukue dishi ambalo uso wake, kwa wastani, umekosea kwa milimita 1 tu. Milimita 1 si kitu! Fundi wetu wa milango akikosea milimita 1 tunampa soda. Kwa wimbi la sentimita 21, dishi hilo hubaki na nguvu yake karibu yote, zaidi ya asilimia 99. Kwa wimbi la sentimita 3, hubaki na asilimia 84. Kwa sentimita 1.3, asilimia 39. Kwa milimita 7, asilimia 4. Na kwa milimita 3? Hubaki sehemu 2 au 3 hivi kati ya milioni 100. Yaani hakuna kitu. Dishi liko palepale, linang'aa, wageni wanapiga picha, lakini kwa wimbi hilo ni debe tupu. Nishati haikupotea, imetawanywa huku na kule badala ya kukusanyika kwenye fokasi.

Ndiyo maana wahandisi hutumia sheria ya mkono: kosa la uso lisizidi sehemu moja ya 16 hadi 20 ya urefu wa wimbi. Kwa moja ya 20 unabaki na theluthi mbili ya nguvu. Kwa moja ya 16 unabaki na zaidi kidogo ya nusu. Kwa moja ya 10 unabaki na moja ya tano tu, ukajilaumu mwenyewe.

Huenda mwenzangu akauliza: kwa nini basi wasilinyooshe dishi vizuri siku ya kulijenga, kazi ikaisha? Laiti ingekuwa rahisi hivyo! Dishi kubwa lina maadui, na kila adui huja kwa wakati wake.

Adui wa kwanza ni uzito wake mwenyewe. Dishi likitazama utosini mwa anga huvutwa na dunia kwa namna moja, likiinama kutazama upeo huvutwa kwa namna nyingine. Chuma nacho hunyumbuka. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kanuni ya Hooke kwa springi na mawe ya mizani, lakini kanuni hiyo haikuishia maabara. Kila mhimili wa dishi ni springi. Huwezi kushinda kwa kuongeza chuma tu, kwa maana chuma kikiongezeka uzito nao unaongezeka, na uzito ndio uliokuwa adui tangu mwanzo.

Ujerumani walipata jibu la ajabu. Mwanaastronomia Sebastian von Hoerner alitoa wazo katika miaka ya 1960: kama hatuwezi kulizuia dishi lisilegee, basi tulijenge ili lilegee kwa adabu. Yaani kila likiinama liache parabola moja na kuingia parabola nyingine, na fokasi isogee kidogo tu, nacho kipokezi kifuate. Dishi la mita 100 la Effelsberg, lililozinduliwa mwaka wa 1971, lilijengwa kwa fikra hii. Likiinama, chuma chake husogea sentimita kadhaa, lakini uso unabaki parabola kwa usahihi wa nusu milimita hivi. Hiyo ndiyo akili! Hakupigana na maumbile, alipatana nayo.

Marekani walichukua njia nyingine. Tarehe 15 Novemba 1988, dishi lao la futi 300 huko Green Bank, West Virginia, lilianguka usiku likawa rundo la vyuma. Mahali pake walijenga jingine, lililozinduliwa mwaka wa 2000, lenye upana wa mita 100 kwa 110 na uzito wa zaidi ya tani 7,000. Uso wake una vipande 2,004, na kwenye pembe za vipande hivyo kuna mota 2,209. Dishi likiinama, kompyuta huziamuru mota zisukume hapa na zivute pale mpaka uso urejee sawasawa. Kosa lake limeshushwa hadi takriban robo ya milimita. Kwa wimbi la milimita 3, kosa hilo huacha theluthi moja ya nguvu. Linganisha theluthi moja hiyo na zile sehemu 2 au 3 kati ya milioni 100 za kosa la milimita 1, kwa wimbi lile lile. Tofauti yote imeletwa na robo tatu za milimita.

Adui wa pili ni joto. Chuma chenye urefu wa mita 10 kikipata joto la nyuzi 1 zaidi, hurefuka kwa milimita 0.12 hivi. Unaweza kucheka, lakini jua la asubuhi likipiga upande mmoja wa dishi na mwingine ukabaki kivulini, tofauti haiwi nyuzi 1. Dishi la mita 30 lililoko Pico Veleta, Uhispania, mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, limefunikwa mgongo kama mgonjwa wa malaria, na hewa ya ndani hudhibitiwa ili mifupa yake yote iwe na joto moja. Ndivyo lilivyoweza kuwa na uso wenye kosa la maikromita 50 na kitu. Na huko Green Bank, kazi za mawimbi mafupi kabisa hufanywa zaidi usiku, jua likiisha kulala.

Adui wa tatu ni upepo, na huyu hushambulia shabaha. Wimbi likiwa fupi na dishi likiwa pana, eneo linalotazamwa angani huwa dogo mno. Dishi la mita 100 kwa wimbi la milimita 3 huona duara lenye upana wa sekunde 7 hivi za nyuzi, na nyuzi moja ina sekunde 3,600. Ili usipoteze nyota unapaswa kulenga kwa usahihi wa chini ya sekunde 1. Sekunde 1 ni kama kuitazama sarafu ya upana wa sentimita 2 kutoka kilomita 4! Sasa fikiria upepo unasukuma ukuta wa chuma wenye ukubwa wa shamba, nawe unatakiwa usiiache sarafu hiyo.

Adui wa nne hayupo kwenye dishi kabisa, yuko hewani. Mvuke wa maji hunyonya mawimbi ya milimita. Hii ndiyo sababu madishi ya ALMA yamepelekwa jangwani Chile, kwenye uwanda wa Chajnantor, mita 5,000 juu ya bahari, mahali ambapo wafanyakazi huhitaji oksijeni. Yako 66, na yale makubwa yana mita 12 tu. Mita 12! Basi la shule. Lakini uso wake una kosa la chini ya maikromita 25, ambao ni wembamba kuliko unywele. Hapo ndipo ninaposema ukubwa si hoja.

Na tusije tukapotoka upande wa pili tukadharau ukubwa. China ina dishi la FAST lenye upana wa mita 500, lililotulia bondeni Guizhou. Linasikiliza mawimbi ya sentimita 10 na zaidi, na kwa kazi hiyo, hasa kusaka nyota zinazopigapiga kama moyo, ni fahari. Haliwezi milimita, wala halikujengwa kwa milimita. Kila chombo na kazi yake. Kosa ni kukipima chombo kwa fahari ya upana badala ya kukipima kwa kazi.

Ushahidi mkubwa wa hoja hii ulitolewa mbele ya dunia nzima. Tarehe 10 Aprili 2019, wanasayansi wa mradi wa Event Horizon Telescope walitoa picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lililo katikati ya galaksi ya M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55. Tarehe 12 Mei 2022 wakatoa ya shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu wenyewe. Wimbi walilotumia lilikuwa la milimita 1.3. Kazi hiyo ilifanywa na darubini nane katika sehemu sita, zilizosikiliza pamoja Aprili 2017. Nyingi kati yake zilikuwa madishi ya mita 10 hadi 15! La Ncha ya Kusini lina mita 10 tu. Madishi mapana mara nyingi kuliko hilo hayakuitwa karamuni, maana kwa milimita 1.3 yangekuwa vipofu.

Nanyi wenzangu, angalieni ramani ya sehemu zile sita: Hawaii, Arizona, Mexico, Chile, Uhispania na Ncha ya Kusini. Afrika? Hatukuwepo. Bara zima, hata dishi moja hakuna. Hili linaniuma, nalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu.

Upo mpango wa kuliziba pengo hilo: darubini ya milimita juu ya mlima Gamsberg, Namibia, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, mahali pakavu ambapo katikati ya Njia ya Maziwa hupita karibu na utosi. Dishi linalokusudiwa ni la mita 15. Nilipomsomea mwenzangu mmoja habari hii alicheka: "Mita 15 tu? Si hata sisi tuna kubwa kuliko hiyo Longonot!" Kicheko hicho ndicho ninachopigana nacho.

Ni kweli, Kenya ilikuwa ya mapema. Kituo cha Longonot kilifunguliwa mwaka wa 1970 na kwa miaka mingi madishi yake yalibeba simu na picha za televisheni kati yetu na ulimwengu. Kisha nyaya za nuru zikapita chini ya bahari na kufika Mombasa mwaka wa 2009, na kazi nyingi ya madishi ya namna hiyo ikahamia kwenye nyaya. Ghana walikuwa na dishi kama hayo huko Kuntunse, la mita 32. Badala ya kuliacha liote kutu waligeuza matumizi, na mwaka wa 2017 likazinduliwa kama darubini ya redio. Kenya nayo imo katika orodha ya nchi washirika wa Afrika katika mradi wa SKA. Nchi yetu imekaa kwenye ikweta, na anga ya kaskazini na ya kusini zote tunaziona. Kwa hiyo hoja ya kugeuza dishi la zamani kuwa darubini si ndoto, na mimi naiunga mkono kwa mikono miwili.

Lakini naiunga mkono kwa sharti la ukweli. Madishi ya simu za setelaiti yalijengwa kwa mawimbi ya sentimita 5 na sentimita 7 na nusu. Dishi lenye kosa la milimita 1 hubaki na asilimia 94 ya nguvu kwa sentimita 5. Ni zuri ajabu! Linaweza kusikiliza mawingu ya methanoli yanayotoa wimbi la sentimita 4 na nusu, kazi ambayo dishi la Ghana limeifanya. Lakini dishi hilo hilo kwa wimbi la milimita 1.3 ni sifuri. Sisemi dogo, nasema sifuri. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani na kutuambia kwamba kwa kupaka rangi dishi kuukuu tutapiga picha za mashimo meusi, tumwulize kwa heshima: "Mzee, uso wake umekosea kwa milimita ngapi?" Na mwingine akilicheka dishi la mita 15 la Namibia, tumwulize swali lilo hilo. Dishi la mita 15 lenye kosa la maikromita 50 hubaki na karibu asilimia 80 ya nguvu kwa wimbi hilo. Kati ya mzee mwenye mita 30 asiyeona na kijana mwenye mita 15 anayeona, nani atatuongoza njia usiku?

Najua watakuja wapinzani. Wa kwanza atasema: "Watu wana njaa, barabara zina mashimo, nyinyi mnataka mashimo meusi!" Utani mzuri, lakini haujibu kitu. Kanuni ya Ruze haichagui nyota wala televisheni. Ni ile ile inayotawala dishi la paa la jirani, dishi la mnara wa simu na dishi la setelaiti linalopeleka intaneti vijijini. Kijana anayeweza kupima uso kwa robo ya milimita ataajiriwa na kiwanda cha vipuri, na kampuni ya simu, na hospitali inayotaka mashine yake irekebishwe. Nchi inanunua usahihi kutoka nje kwa bei ghali kila siku kwa sababu haikuufunza nyumbani.

Wa pili atasema: "Haya ni mambo ya Kiingereza, Kiswahili hakiyawezi." La hasha! Nimefika hapa, nimeeleza parabola, fokasi, wimbi na kosa la uso, na sijaona lugha yetu ikikwama njiani. Setelaiti iliyorushwa kutoka pwani yetu karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970 ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru, na kwa jina hilo inatajwa katika vitabu vya sayansi duniani kote. Lugha iliyokwisha kwenda angani haishindwi kueleza bati.

Wa tatu, na huyu ndiye mgumu, atasema: "Sisi ni wanafunzi tu, tutafanya nini?" Ndugu yangu, tazama ratiba ya Kidato cha Pili. Mnafundishwa vioo vilivyopinda, mawimbi, kanuni ya Hooke, na kipimo cha mikromita kinachopima sehemu moja ya mia ya milimita. Vyote vinne katika mwaka mmoja! Hivyo vinne vikikutana, jina lake ni darubini ya redio. Tatizo letu ni kwamba tunavisoma kama wageni wanne wasiosalimiana.

Basi natoa pendekezo kwa walimu wetu na kwa Klabu ya Sayansi. Badala ya kuonyesha kila mwaka miradi inayong'aa kwa rangi, tutengeneze dishi dogo la mabati, tulipime. Tuseme tumelijenga kwa haraka na kosa lake ni milimita 3. Kwa wimbi la televisheni la sentimita 2 na nusu litabaki na asilimia 10 ya nguvu. Tuketi nalo wiki mbili, tupige nyundo taratibu, tuweke kigezo cha mbao chenye umbo la parabola, tupime tena, mpaka kosa lishuke hadi milimita 1. Sasa litabaki na asilimia 78. Tumeongeza nguvu zaidi ya mara saba bila kununua bati hata moja! Kupata faida hiyo kwa ukubwa, tungehitaji dishi pana karibu mara tatu, na likiwa pana hivyo kosa lake lingezidi. Uvumilivu umeshinda pesa, na hesabu imethibitisha. Mradi kama huo ningeupa nafasi ya kwanza, hata kama hauna taa za rangi.

Somo hili lafaa pia nje ya maabara. Tunapenda kuhesabu vitu vikubwa: madarasa mangapi, basi la viti vingapi, wanafunzi wangapi wamepata A. Hizo ni mita za upana. Makosa madogo ya kila siku, daftari lisilosahihishwa, kipimo kilichokisiwa badala ya kupimwa, jibu lililonakiliwa kwa jirani, hizo ndizo milimita za uso. Maisha yakiwa ya mawimbi marefu hayataonekana. Lakini yako mawimbi mafupi yanatungojea mbele, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wanafunzi wenzangu, siku moja bara hili litakuwa na dishi linalotazama ukingo wa shimo jeusi. Natamani kati ya watakaopanda ngazi zake na kupima vipande vyake kimoja kimoja awemo mmoja aliyesoma gazeti hili la klabu. Akifika juu asiwaambie wageni dishi lina mita ngapi, hilo wataliona wenyewe. Awaambie uso wake umekosea kwa maikromita ngapi, na nani aliyepima.

Kalamu naiweka chini. Mwenye hoja ya kunipinga, kurasa za toleo lijalo ziko wazi.